OTRAG: kampuni ya roketi iliyokodi kipande cha Zaire

Mwaka 1976 kampuni ya Kijerumani ambayo ilikuwa haijawahi kurusha hata roketi moja ilikuwa tayari na mkataba wa kutumia ardhi ya Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 100,000. Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifiki 55,000. Ardhi yenyewe ilikuwa kaskazini mwa Shaba, jina ambalo Rais Mobutu aliipa Katanga, upande wa Manono na bonde la mto Luvua, na haki ya kuitumia ilikuwa idumu hadi mwaka 2000. Kampuni iliitwa OTRAG. Ilirusha roketi tatu, kisha ikafukuzwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapenzi wa roketi husimulia habari ya mhandisi mahiri aliyepigwa vita na wakubwa wa dunia kwa sababu alitaka kuuza safari za angani kwa bei ya chini. Wachambuzi wa siasa za Afrika husimulia habari ya Wazungu waliojimegea nchi ndani ya nchi kwa saini ya dikteta. Sizikatai, zote zina ukweli wake. Lakini zinaliruka swali ambalo kwangu ndilo kubwa: OTRAG ilikuwa na fedha, ilikuwa na watu waliowahi kusimamia safari za Mwezini, ilikuwa na wazo ambalo leo halichekwi tena. Ilipungukiwa na nini? Nasema ilikosa serikali. Na hapo ndipo hadithi nzima ya “sekta binafsi angani” inapohitaji kusomwa upya, hata tukifika kwa SpaceX, kampuni ya roketi ya Elon Musk.

Wazo lenyewe

Tuanze na Lutz Kayser, mhandisi kutoka Stuttgart. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi za Ulaya Magharibi zilikuwa zimeungua vidole na roketi yao ya pamoja iliyoitwa Europa. Ilifutwa mwaka 1973 bila kufikisha setilaiti hata moja kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia. Kayser na wenzake walikuwa wakilipwa na serikali ya Ujerumani Magharibi kutafiti roketi ya bei nafuu, na injini zao walizijaribu Lampoldshausen, kituo cha serikali. Kisha Ulaya ikaamua kuungana nyuma ya Ariane, mradi ulioongozwa na Ufaransa, na fedha za utafiti wa Kayser zikakauka. Hapo ndipo alipoamua kuendelea kama mfanyabiashara, akafungua OTRAG yenye makao Neu-Isenburg, karibu na Frankfurt.

Roketi yake inastahili kuelezwa taratibu, maana bila kuielewa mtu hawezi kujua kama alikuwa tapeli au la. Roketi za siku zile zilitengenezwa moja moja, karibu kwa mkono, kila kifaa kikiwa cha kipekee na cha bei mbaya. Kayser akageuza hesabu. Alichukua bomba jembamba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 27. Sehemu moja ya bomba iliwekwa asidi ya nitriki, nyingine mafuta ya aina ya dizeli, na chini kabisa ikafungwa injini. Hakukuwa na pampu. Matangi yalijazwa kiasi cha theluthi mbili tu, na nafasi iliyobaki ikashindiliwa hewa ya kawaida, hivyo mafuta yalisukumwa chini kama dawa ya mbu inavyotoka kwenye kopo lake. Hakukuwa na mishumaa ya kuwashia wala saketi za ajabu: kimiminika kidogo kinachowaka chenyewe kikigusana na asidi kilitangulia kuingia, moto ukashika. Injini yenyewe haikuwa na mirija ya kuipoza. Ndani ilipakwa tabaka linaloungua polepole, na safari inakwisha kabla tabaka halijakwisha.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni vali. Vali za kufungua na kufunga mafuta ziliendeshwa na mota ndogo ya umeme, ile ile inayoendesha waipa za gari. Wahandisi hawakuunda mota mpya ya angani. Walichukua ya kiwandani, inayotengenezwa kwa mamilioni, ambayo fundi yeyote wa magari anaijua. Na hakukuwa na injini za kugeuka huku na huku ili kuongoza roketi. Ukitaka iiname kulia, unapunguza mafuta kwenye mabomba ya upande mmoja. Basi.

Bomba moja, lenye urefu wa takriban mita 16 likikamilika, halifiki kokote. Siri ilikuwa kuyafunga pamoja, manne, kumi na sita, sitini na nne, hadi mamia, ya nje yakisukuma kwanza na kudondoka, ya ndani yakiendelea. Mteja mwenye mzigo mdogo anafungiwa mabomba machache, mwenye mzigo mkubwa anaongezewa.

Je, ingewezekana? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini wakati huo dunia ilikuwa na mfano mmoja tu mkubwa wa kufunga injini nyingi pamoja, roketi ya Kisovieti N1 yenye injini 30 chini yake, na ilishindwa mara zote nne kati ya 1969 na 1972. Roketi ya OTRAG nayo ilikuwa nzito kwa sababu bomba lazima lihimili shinikizo la hewa, na nguvu yake ilipungua kadiri hewa ilivyopungua ndani. Kayser aliamini kwamba uzito si tatizo ikiwa chuma ni rahisi. Huenda alikuwa sahihi. Huko Zaire hakuwahi kurusha zaidi ya mabomba manne kwa pamoja, na kutoka mabomba manne hadi mamia si hatua moja.

Wapi alipata watu na fedha? Watu kwanza. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Kurt Debus, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kennedy Space Center kule Florida, mahali walipoondokea watu wa Apollo kwenda Mwezini. Wernher von Braun naye alimpa Kayser ushauri. Majina hayo yalifungua milango, lakini yalikuja na kivuli chao, kwa kuwa wote wawili walikuwa wametengeneza kombora la V-2 kwa ajili ya Hitler kabla ya kuchukuliwa na Wamarekani. Fedha zilitoka kwa mamia ya wawekezaji binafsi wa Ujerumani Magharibi, wengi wao watu wenye vipato vikubwa waliokuwa wakitafuta mahali pa kupunguzia kodi. Sheria ya kodi ya wakati ule iliruhusu hasara ya kampuni ya namna hiyo ikatwe kwenye kodi ya mwekezaji. Yaani kadiri roketi ilivyokula fedha, ndivyo daktari wa meno wa Frankfurt alivyopata nafuu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na setilaiti ya kurusha. Hilo litarudi kututafuta.

Kwa nini Manono

Ujerumani Magharibi isingefaa. Nchi imebanana, vipande vya roketi vingeangukia vichwa vya watu, na mwaka 1954 ilikuwa imeahidi washirika wake kutotengeneza makombora ya masafa marefu kwenye ardhi yake. Kampuni ilihitaji mahali karibu na ikweta, maana huko mzunguko wa dunia wenyewe unaisukuma roketi inayoelekea mashariki kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, bure kabisa. Ilihitaji eneo lenye watu wachache. Na ilihitaji mtu mmoja wa kuzungumza naye.

Zaire ya Mobutu ilitimiza yote matatu. Kituo kilijengwa Kapani Tono, kwenye uwanda wa juu ambao upande mmoja unakatika ghafla na kushuka hadi bonde la Luvua, mto unaotoka ziwa Mweru kwenda kuungana na Lualaba. Barabara za kutegemewa hazikuwepo, kwa hiyo kampuni ikaanzisha shirika lake la ndege na kununua ndege za mizigo aina ya Argosy, kubeba mabomba, asidi, saruji na chakula. Mnara wa kurushia ukasimamishwa karibu na ukingo wa jabali.

Mkataba ndio uliozua balaa. Nakala yake ilivuja na kuchapishwa na magazeti mwaka 1977, na yaliyosomwa humo yaliwashtua watu: kampuni kupewa eneo bila mipaka ya maana juu ya matumizi yake, wafanyakazi wake kuwa na kinga dhidi ya sheria za nchi, na dola kuwajibika kuwaondoa wakazi pale kampuni itakapohitaji. Bunge halikuwa na sauti katika jambo la namna hiyo. Wakazi wa vijiji vya Luvua, Waluba na wenzao, watu wanaozungumza Kiswahili sokoni kila siku, hawakuulizwa.

Wanaomtetea Kayser husema vipengele hivyo vilikuwa vya tahadhari tu, kwamba uwanja wowote wa kurushia roketi unahitaji eneo la usalama. Ni kweli unahitaji. Lakini tazama jirani. Wakati huo huo Italia ilikuwa ikirusha roketi kutoka majukwaa ya San Marco, baharini karibu na Malindi. Kazi ilianza huko mwaka 1967 na kuendelea hadi 1988, na mwaka 1970, Desemba 12, siku ya uhuru wa Kenya, iliondoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Wakenya wamelalamika sana, na kwa haki, kuhusu faida waliyoipata kutokana na kituo kile. Hata hivyo hakuna aliyeuliza Waitaliano ni nani na nyuma yao yuko nani. Ilijulikana: serikali ya Italia imepatana na serikali ya Kenya, na roketi ni Scout za Marekani. Anayetaka kulalamika alijua abishe mlango upi.

Kapani Tono haikuwa na mlango wa kubisha. Serikali ya Ujerumani Magharibi, Bonn, ilisema si mradi wake. Kampuni ilisema ni biashara tu. Basi kila mtu akajaza nafasi hiyo kwa hofu yake. Magazeti ya mrengo wa kushoto ya Ulaya na vyombo vya habari vya Kisovieti vikaandika kwamba Wajerumani wanajaribu makombora ya kijeshi mbali na macho ya washirika wao, na wengine wakaunganisha habari hiyo na Afrika Kusini ya makaburu. Madai ya makombora hayakuthibitishwa. Lakini jiweke mahali pa Luanda, Lusaka au Dar es Salaam mwaka ule. Jirani yako ni Mobutu, aliyekuwa ameingiza mkono wake katika vita vya Angola. Ndani ya ardhi yake wapo Wajerumani waliotengeneza V-2, wana ndege zao wenyewe, na mkataba wao unasema wanaweza kufanya watakalo hadi mwaka 2000. Roketi inayoweza kuweka setilaiti kwenye obiti inaweza pia kubeba bomu. Ungewaamini?

Roketi tatu, vita viwili

Ukizipanga tarehe pembeni ya vita vya Shaba, unapata picha ambayo kampuni haikutaka kuiona. Machi 1977 waasi wa FNLC, kundi la Wakatanga waliompinga Mobutu, waliingia Shaba kutokea Angola, na mapigano yaliendelea hadi mwishoni mwa Mei. Roketi ya kwanza ya OTRAG, fupi, yenye urefu wa kama mita 6, ilirushwa Mei 17, 1977, vita vikiwa bado havijaisha. Ikapaa vizuri. Mwaka uliofuata waasi walirudi na kuiteka Kolwezi. Mei 19, 1978 askari wa miamvuli wa Ufaransa walirukia mji huo. Kesho yake, Mei 20, OTRAG ikarusha roketi ya pili. Kolwezi iko mbali na Manono, mamia ya kilomita kusini magharibi, lakini ni jimbo hilo hilo, na rais ni yule yule, aliyekuwa ameokolewa na askari wa nchi iliyokuwa ikitengeneza Ariane.

Ya tatu ilipangwa Juni 5, 1978, na mara hii Mobutu mwenyewe alikuja, na majenerali wake, na kamera. Roketi iliwaka, ikainuka kutoka kwenye mnara, kwa sekunde chache ikaonekana kama zile mbili za kwanza. Kisha ikaanza kuinama. Kumbuka jinsi inavyoongozwa: mabomba manne, vali kila moja, na upande ukisukuma zaidi ya mwingine hakuna kitu kingine cha kuirudisha. Ikalala upande, ikavuka ukingo wa jabali na kuangukia bondeni, mbele ya mwenye nchi.

Kwa wahandisi, kuanguka kwa roketi ya majaribio ni jambo la kawaida kabisa. Unaokota vipande, unatafuta vali iliyokwama, unarudi kazini. Kwa kiongozi aliyealika kamera ni jambo jingine. Kumwalika Mobutu kwenye jaribio la tatu, kabla roketi haijazoeleka, lilikuwa kosa la kibiashara kubwa kuliko lolote la kiufundi. Nadhani walilifanya kwa sababu hawakuwa na la kumwonyesha zaidi ya hilo: hawakuwa na mteja, wala kodi ya ardhi iliyoanza kuingia, wala ajira za kutosha kumridhisha mtu wa Manono.

Aprili 1979 Mobutu akafuta ruhusa. Kayser alishikilia maisha yake yote kwamba Moscow na Paris ndizo zilizombana rais, na sababu walikuwa nazo: Wasovieti hawakutaka kuona roketi za Kijerumani za masafa marefu popote, na Ufaransa ilikuwa na Ariane, iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 24 mwaka huo huo. Lakini Mobutu baada ya Kolwezi alikuwa anahitaji marafiki wote aliobaki nao. Kuifukuza OTRAG kulimgharimu nini? Hakuna balozi aliyepiga simu kulalamika. Mkataba wa miaka mingi uliosainiwa na mtu mmoja ulivunjwa na mtu huyo huyo, na bado sioni kwa nini Wajerumani wale walishangaa.

Baada ya hapo mambo yakaharibika haraka. Walihamia Libya, jangwani karibu na Sebha, na Machi 1981 wakarusha roketi huko. Kama kulikuwa na mtu duniani ambaye angewafanya wenye wasiwasi waseme “tuliwaambia”, alikuwa ni Gaddafi. Debus alikuwa amejiondoa. Uongozi ulibadilika, kampuni ikalazimika kutoka Libya kwa shinikizo la serikali za Magharibi, Kayser akabaki huko kwa shughuli zake mwenyewe. Roketi ya mwisho ya OTRAG iliruka Kiruna, kaskazini mwa Sweden, Septemba 1983. Baada ya hapo kampuni ikafungwa.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Sasa linganisha na SpaceX, maana hapo ndipo swali la mwanzo linapojibika. Roketi yake ya kwanza, Falcon 1, iliruka kutoka kisiwa kidogo cha Omelek huko Marshall Islands. Ilishindwa Machi 2006, ikashindwa Machi 2007, ikashindwa Agosti 2008. Mara tatu, sawa na idadi ya roketi zote za OTRAG huko Zaire. Ya nne, Septemba 28, 2008, ikafika kwenye obiti, roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika iliyotengenezwa na kampuni binafsi kufanya hivyo.

Kwa nini ilivumilika? Fedha za Musk, ndiyo. Lakini Omelek ni sehemu ya uwanja wa majaribio wa jeshi la Marekani. Tangu 2006 NASA ilikuwa imeingia makubaliano na kampuni hiyo kusaidia kuunda chombo cha kupeleka mizigo kituo cha anga. Na Desemba 2008, miezi mitatu tu baada ya Falcon 1 kufaulu, NASA ikaipa mkataba wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12. Chini ya yote hayo kulikuwa na sheria: mwaka 1984 Marekani ilitunga sheria ya leseni kwa kampuni zinazorusha roketi, baada ya kampuni ya Texas kurusha roketi yake Conestoga hadi angani Septemba 1982 huku ikihangaika na idara moja hadi nyingine kutafuta kibali.

Sheria hiyo haikutungwa kwa upendo wa biashara peke yake. Mkataba wa anga wa Umoja wa Mataifa wa 1967 unasema wazi, kwenye kifungu cha 6, kwamba nchi inawajibika kwa shughuli za angani za raia na kampuni zake, na lazima iziidhinishe na kuzisimamia. Kwa maneno mengine, tangu 1967 kisheria hakuna roketi ya binafsi. Kuna roketi ya serikali fulani inayoendeshwa na mtu binafsi. OTRAG ilijaribu kuishi kana kwamba kifungu hicho hakipo: Ujerumani haikutaka kuisimamia, Zaire haikuwa na uwezo wala nia.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba kampuni binafsi zimeipokonya dola anga, nasita. Setilaiti ya Kenya ya Taifa-1 ilibebwa Aprili 2023 na Falcon 9 kutoka Vandenberg, kambi ya kijeshi huko California. Falcon 9 ina injini tisa chini yake, na roketi kubwa mpya ya kampuni hiyo ina injini 33 kwenye hatua ya kwanza. Wazo la kufunga nyingi ndogo pamoja, lililokuwa likichekwa, sasa ni la kawaida. Kayser aliishi kuliona. Alihamia Marshall Islands, nchi ile ile ya Omelek, na akafia huko Novemba 2017. Kabla ya hapo vifaa vyake vya zamani alivikabidhi kwa John Carmack wa Texas, aliyekuwa na kampuni ndogo ya roketi na aliyetaka kujaribu tena mtindo huo wa kuunganisha vipande vingi vinavyofanana.

Kwa Afrika kuna kesi mpya ya kufuatilia. Januari 2023 Djibouti ilisaini hati ya makubaliano na kampuni ya Hong Kong ili kujenga uwanja wa kurushia roketi upande wa Obock, mradi uliotajwa kugharimu dola bilioni 1, kwenye ardhi isiyopungua kilomita za mraba 10, kwa muda usiopungua miaka 35. Ukubwa wa ardhi si wa kutisha kama wa Shaba, na Djibouti imezoea kukodisha, ina kambi za kijeshi za Marekani, Ufaransa, Japani na China. Mimi ningetaka kuona mambo mengine. Nani anatoa leseni ya kila roketi: Djibouti, Hong Kong au Beijing? Idara gani ya Djibouti ina wahandisi wa kuangalia kama vali imekwama na kusema leo hairuki? Mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu madhara ya vyombo vya angani unaihesabu nchi ambayo roketi imerushwa kutoka ardhi yake miongoni mwa zinazobeba dhima, hata kama kila skrubu imetoka Asia. Roketi ikielekea mashariki kutoka Obock ina Ghuba ya Aden mbele yake na Yemen kushoto kwake. Kipengele cha nani analipa kipande kikiangukia huko ndicho ningekisoma kabla ya kile cha dola bilioni.